Mfupa ni Mzima

Masisi, tarehe 9 Oktoba 2022

Papa mpenzi,

Leo nitakuandikia yote, bila kuficha hata neno, maana najua huko Pinga watu wanakuletea habari zao. Je, kifua kimepoa? Sisi hapa kwa mama mdogo Emérita tuko wazima, isipokuwa kaka Muhindo.

Chukudu, kile kigari chake cha mbao cha kusukuma, ilimshinda kwenye mteremko wa Burungu, akaangukia bega pamoja na magunia ya viazi. Wewe uliambiwa hakuanguka, kwamba bega limeumizwa na bunduki, kwamba alikuwa msituni na wapiganaji. Hospitalini walimpiga radio, ile picha ya mifupa, wakaona mfupa ni mzima. Basi wodi nzima ikaanza kumcheka. Papa wa kitanda cha jirani akamwambia, "Kijana, mufupa yako iko muzima! Unalala apa sawa chefu ya kijiji?"

Kisha akaja Mama Jeannette, yule kine anayewafundisha wagonjwa kutembea tena. Ana ekografi, mashine ya kuona ndani ya nyama, ndogo kama simu yenye waya. Alimpaka jeli baridi begani na kuipitisha mashine hiyo taratibu, pale pale kitandani. Wagonjwa wengine wakajifunika blanketi, wakisema inatafuta alama za bunduki ili picha ziende kwa wanajeshi.

"Ziende na nini?" Mama Jeannette akacheka. "Ata rezo ya simu haina!"

Akanionyesha mstari mweupe uliokatika. Ni kano, ule uzi unaoshika nyama kwenye mfupa. Imechanika, na radio haiwezi kuiona. Asisukume chukudu, asikandwe kwa majani ya moto, afanye mazoezi yake polepole. La sivyo, mkono hautanyanyuka tena.

Papa, hajifanyi. Mruhusu abaki huku.

Binti yako,
Athanasie

---

Pinga, tarehe 2 Novemba 2022

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa Emérita. Kifua kinapoa kidogo. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya masasi ya wapiganaji barabarani.

Mimi sina imani na mashine yenye kuchungulia watu chini ya ngozi. Leo inatafuta kano, kesho itatafuta nini? Mutoto mwenye mufupa muzima anaweza kazi. Mwambie huyo Mama Jeannette abaki kwenye bega. Asiguse paja. Mambo ya paja yalipona zamani, hayamuhusu.

Ninamutuma Kasika na moto yake, ile pikipiki. Muhindo apande, arudi kunisaidia kubeba magunia kwenye depo. Na usimuonyeshe mutu hii barua.

Baba yako

---

Masisi, tarehe 7 Novemba 2022

Papa mpenzi,

Natumaini kifua kimekuacha sasa. Hapa tumelala salama, masasi yako mbali.

Kasika atafika bila Muhindo. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyekataa.

Mwalimu wetu ametuzoeza kuandika kila kitu kwanza kwenye karatasi ya majaribio. Nimeisoma tena ile yangu. Niliandika bega, Papa. Paja sikuliandika popote, kwa sababu sikujua.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Nilimwomba tu Mama Jeannette aangalie na miguu. Muhindo akasema, "Nilianguka kwenye ngazi," kabla hajaulizwa. Halafu akageukia ukuta, akamwacha apitishe mashine. Ndani kabisa ya nyama ya paja kuna sehemu imekuwa ngumu kama mfupa. Mama Jeannette alisema ni pigo zito la zamani, na kwamba alifanyishwa kazi nalo bila kupumzika. Huenda ndiyo sababu mguu ulimlegea pale mteremkoni.

Nikamuuliza, "Nani alimpiga?"

"Mashine haijue mikono ya watu, mutoto wangu. Uliza kwenu."

Nimekumbuka ule mwaka alioishi nawe kwenye depo. Alirudi akichechemea, nawe ukatuambia ni uvivu.

Jana nilimuuliza kama anataka kurejea Pinga. Akasema, "Papa aseme kwanza." Sikumuuliza aseme nini. Ila hakusema hataki, Papa, na mimi nimelishika neno hilo.

Kasika akigeuza moto kurudi huku, mpe jibu mkononi, hata mstari mmoja. Nitamsomea Muhindo mwenyewe, taratibu, bila mtu mwingine chumbani. Nijibu hili tu: ni wewe uliyempiga?

Binti yako,
Athanasie