Tepe za Mtungini

Jumatatu, 8 Septemba
Saa nne asubuhi. Tepe zangu kumi na mbili juu ya kitalu cha nyanya cha shangazi, zote zimejipinda na kuifunika miche isiungue. Nimezitengeneza kwa jeli tu. Molekuli zilizomo hubadilika umbo zikipigwa na jua, utepe mzima ukajikunja. Jioni unanyooka wenyewe. Lakini siku ya tatu zinachoka, zinabaki zimejikunja. Hapo nimekwama.

Neema, mwenzangu wa maabara chuoni, yuko kwetu Ipuli tangu Ijumaa. Amepiga picha kila ukurasa wa daftari langu. "Likipotea je, shoga?" Tumekubaliana kuomba ufadhili pamoja mwakani, kasoro hii ikiisha.

Jumatano, 10 Septemba
Neema amepanda treni na tepe sita. Shangazi kamfungia asali na karanga.

Ajabu. Jana shangazi alikuwa anasafisha meza. Tepe zilizochoka akazitia kwenye mtungi mkuukuu wenye maji kidogo, akafunika. Leo zimenyooka zote. Giza na unyevu, basi. Nitamwambia Neema tukionana chuoni.

Jumatatu, 15 Septemba
Majina ya usaili wa ufadhili wa mwaka huu yametoka. Nafasi ni moja. Neema yumo. Kichwa cha andiko ni changu, neno kwa neno. Mkono ulioshika utepe kwenye picha ya andiko ni wangu, na bangili yangu.

Nimempigia. "Walitaka jina moja, mwenzangu. Wewe uko kwenu, una haraka gani?"

Tulikula sahani moja. Namchukia. Najichukia zaidi, kwa kumshikia taa alipokuwa anapiga picha.

Alhamisi, 18 Septemba
Ujumbe wake. Tepe zimegoma kunyooka. Usaili kesho, wanataka kuziona zikifanya kazi. "Kuna kitu hukukiandika? Nisaidie, dada."

Kipo.

Nimeandika jibu. Nimefuta. Nimeandika tena.

Shangazi kauliza, "Yule mgeni wetu alifika salama?" Nikasema alifika. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

Sijajibu.

Jumapili, 21 Septemba
Usaili umepita. Sijauliza, naye hajasema.

Asubuhi nimezitoa tepe mtungini. Mchana zimefunika miche, jioni zimenyooka. Nimenunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza: usiku mmoja, gizani, penye maji kidogo. Chini yake jina langu na la shangazi.

Kisha nimemwagilia nyanya.