Kimo Changu Kwanza, Mama

Mama yangu mpendwa uliyeniacha,

Leo nimewagomea wanawake wa kambi, na najua ungekuwepo ungekuwa wa kwanza kunigombeza. Wamekuja asubuhi kunitoa nje baada ya uzazi, wamejifunga leso zao za sikukuu, tayari kunipeleka ghalani nikakalie mizani ya magunia. Nimewaambia sikai.

Desturi hiyo unaijua kuliko mimi, maana ni ninyi mliohamia kwanza shamba hili la Rongai mlioianzisha. Mzazi anatunzwa ndani, ananyweshwa uji wa wimbi na supu ya kondoo inayoelea mafuta, hashiki jembe wala debe la maji. Siku ya kutoka anakalishwa pale mahindi yanapopimwa, na karani anasoma uzito kwa sauti. Akikaribia uzito wa gunia la mahindi, vigelegele. Asipokaribia, mume anaangalia chini kwa sababu hakulisha.

Nilipomzaa Petro ulinilisha kwa mkono wako. Nikisukuma bakuli, unalirudisha: "Kunywa, mama. Hii mwili si yako peke yako, ni heshima ya hii nyumba." Siku ya ghala ulicheza mpaka kitambaa kikakutoka kichwani. Nikiikumbuka furaha yako ile bado nacheka peke yangu jikoni.

Lakini siku ile nawe ulipanda mizani, ukafuatwa na rafiki yako Mama Tabitha, na mshale ukasimama mahali pamoja. Mlikumbatiana mkisema mko sawa. Hamkuwa sawa, Mama! Mama Tabitha huinama kuingia mlangoni, na wewe ulikuwa unapita chini ya kwapa lake. Mzigo uleule, yeye alikuwa na mwili mrefu wa kuutandaza, kwako ulirundikana kiunoni. Yeye alipanda kutoka mtoni na debe kichwani akiimba. Wewe ulilitua njiani, ukajifanya unangoja wenzako.

Mwaka jana, wakati wa kupanda mahindi, ukaanguka palepale kwenye mteremko. Mkono wako wa kulia haukuinuka tena, na wiki haikuisha ukaenda. Watu wakasema ni jicho la wivu kwa ule unene wako mzuri. Nilinyamaza kwa sababu ya msiba, lakini sikukubali wakati ule na sikubali leo.

Sijakuambia kilichofuata. Kabla ya mimba ya mtoto huyu kichwa kilinisumbua nikaenda kliniki Nakuru. Nesi alinisimamisha kwanza ukutani penye alama za futi, ndipo akanipandisha mizani. Nilimuuliza ukuta wa nini.

"Uzito bila urefu utaniambia nini?" alinijibu. "Mfupi na mrefu hawawezi kubeba mzigo mmoja."

Akanifunga mkono kwa mpira, akapima presha ya damu, akaniambia kwa kimo changu nimezidi, na damu inasukuma kwa nguvu mno. Nikamuuliza kama anataka nikonde. Alicheka. Waliokonda kupita kiasi nao huwaona kila siku, hawana nguvu hata ya kusimama. Tena mpasua kuni anaweza kuwa mzito kwa misuli na awe mzima kabisa, ndiyo maana hapimi kitu kimoja akaridhika. Kila kimo kina nafasi yake ya kutosha, akasema, nami nirudi kwenye yangu taratibu: maharage, mboga, maziwa, miguu itembee, mafuta yapungue. Ndivyo nimekula hata katika uzazi huu, na mtoto ananyonya mpaka analala mdomo wazi.

Basi leo Mama Tabitha akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wee, unataka kuaibisha bwana yako?"

Mume wangu akajibu kutoka ndani: "Mimi nimelisha yeye. Kama hamuamini, ingieni muone sufuria."

Nikamkabidhi mtoto, nikaenda nao ghalani. Mizani nikaipita. Niliegemea mwimo wa mlango nikachora mstari wa makaa juu ya kichwa changu. Kisha nikamvuta Mama Tabitha asimame palepale, nikachora wake. Nafasi katikati ilizidi shubiri.

"Sasa mniambie," nikasema, "tukilingana kwenye mizani, nani amezidi?"

Mama Tabitha aliitazama mistari ile, akaweka kiganja juu ya wangu. "Hii si yako peke yako," akasema. "Mama yako alikuwa anafika hapa." Kisha akalia, Mama, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi yako. Nami nililia, kwa huzuni na kwa hasira pia, kwa sababu ulinilisha kwa upendo na upendo huohuo ulikuwa unakumaliza.

Hakuna aliyekalia mizani leo. Mstari wako uko pale mlangoni. Karani alitaka kuufuta, nikamwambia ajaribu aone.

Pumzika, Mama. Bakuli lako nimelitunza, nalitumia kwa mboga.

Ni mimi binti yako, mfupi kama wewe, ninayekusudia kuzeeka.