Hako Kadogo Kalikokuwa Karibu

Mpendwa Mama,

Uliniharibu kwa maneno mawili: "Hapo tu." Tukishuka Rongai kwenda kwa tata, dada yako, kila nikiuliza kama tumefika, jibu lilikuwa hilo. Jua la saa saba limetukalia utosini, vumbi mpaka magotini, na wewe mbele na kiondo chako, unatembea kama mtu anayeenda dukani.

"Aki Mum, umesema hapo tu tangu tuache lami!"

"Sasa ungetaka niseme ni mbali, ukae chini?"

Mwongo wewe, Mungu akulaze pema! Lakini tulifika kila mara, na ulicheka hadi tata akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Siku hizi kazi yangu ni kupima umbali, na nimekosea kinyume chako. Natafuta galaksi hafifu, zile zenye nyota chache zilizotawanyika, kiasi kwamba kwenye picha ni kama alama ya kidole kwenye kioo. Niliipata moja. Shida ya kitu hafifu ni kwamba hujui kama ni kidogo na kiko karibu, au ni kikubwa ajabu na kiko mbali. Mimi nikasema ni mbali. Nilitaka jitu, Mama! Nikawatangazia wenzangu, nikamwambia Baba, naye akalitangazia kanisa zima pale Bahati. Unamjua.

Wiki jana zikaja picha safi zaidi. Unakumbuka mahindi ya tata yakianikwa kwenye turubai? Ukiwa barabarani unaona njano tupu, ukikaribia unaona punje. Galaksi nazo ni hivyo. Ya mbali inaonekana laini, ya karibu nyota zake zinaanza kuonekana mojamoja. Nilipoitazama yangu, punje tele. Hakukuwa na jitu. Kalikuwa kadogo, kadogo kabisa, tena jirani yetu.

Niliumia, nisikufiche. Nililia chooni kama msichana wa bweni. Nikaamua naacha haya mambo, nirudi Nakuru nifundishe hesabu. Nikampigia Baba simu awaambie watu wa kanisa tulikosea.

"Pole, mama," akasema. "Kwani hako kadogo ni kabaya?"

"Si kabaya, Baba. Ni vile tu tulikaona kwa sababu kako karibu. Kangekuwa mbali kidogo, hatungekaona kabisa..."

Simu ikiwa bado sikioni, nikaifungua tena ile picha.

"Wambui? Uko?"

Nilikuwepo, ila nilikuwa nimeanza kupiga hesabu. Kama haka tumekaona kwa bahati tu, kwa ujirani, basi huko mbali vidogo kama haka viko tele, na hakuna aliyewahi kuvihesabu. Mbingu imejaa kuliko tulivyodhani. Nilimwambia Baba nitampigia baadaye, nikarudi kazini mbio. Siachi tena, Mum. Hesabu yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Tangu tukuzike, nikija nyumbani naangalia nafasi yako kanisani, kando ya Baba, na moyo unasema hapo hakuna mtu. Nimekumiss vibaya sana. Lakini kazi yangu sasa ni kuangalia mahali wanaposema hakuna kitu, na kila nikiangalia vizuri, nakuta kuna kitu. Jumapili hii nikija, nitakaa upande wa pili wa Baba, na nitakuachia nafasi yako.

Kifungua mimba wako,
Wambui