Gemu Lililotoka Nyumbani

Wesha, 3 Oktoba 2000

Kwa dada yangu Shatha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na shemeji Jecha mzima, na vifaranga vyako bado havijaliwa na kunguru. Sisi huku hatujambo kiasi. Baba kifua kimepoa. Jirani yetu Bi Tatu anatuletea uji na maneno, vyote bila ya kuombwa. Mimi ni yule yule uliyemwacha kitandani: tangu nilipoanguka mkarafuu, kutoka kiunoni kwenda chini si pangu tena. Daktari kasema nilale chali na nisitikiswe. Kidonda cha mgongoni kilifunga, kisha kikafunguka. Tusikizungumze.

Nakuandikia kwa sababu ya gemu. Lile alilotuletea Shangazi Widad kutoka Maskati, tulilokuwa tukiligombania mpaka Baba anazima umeme wa nyumba nzima. Liko sebuleni chini ya TV, na mimi niko chumbani. Hata wakiniletea TV huku siioni, maana mtu aliyelala chali dunia yake ni boriti. Boriti hizi nimeshazijua zote. Dada, nitarukwa na akili.

Basi nimelifungua, juu ya tumbo langu. Sanduku lote lile, ndani tupu! Mna kibao kimoja tu kama pakiti ya biskuti, katikati kina tone jeusi kama la lami, na hilo ndilo gemu lenyewe. Lililobaki ni plastiki ya kujionyesha. Sasa kitu kidogo hivi kwa nini kifungwe kwenye TV, na TV kwenye ukuta? Nataka nilifanye la kushika mkononi, nilinyanyue juu ya uso wangu nicheze. Ufundi wa redio ninao, na mikono haikuvunjika.

Kinachokosekana ni kioo. Kile kiTV cha mfukoni alichokupa Shangazi siku ya harusi, ambacho Tumbe hakishiki kitu, nipe.

Najua huwezi kukileta mwenyewe. Kiapo cha shemeji Wesha nzima wanakijua: ukikanyaga nyumba ya Baba umeachika, talaka tatu. Na Baba naye kasema hataki kumuona mtu wa nyumba yenu hata njiani. Mimi wa katikati sikuulizwa, nilikuwa nimelala. Mpe Kificho, gari lake la samaki linafika Wesha karibu kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Mundhir


Tumbe, 11 Oktoba 2000

Mdogo wangu Mundhir,

Wa alaykumu ssalaam. Barua nimeipata, inanuka dagaa lakini inasomeka. Mimi mzima wa mwili. Vifaranga vimeliwa vyote, roho yako ifurahi. Kidonda tutakizungumza, tena sana: ugeuzwe ubavu asubuhi na jioni, mwambie Bi Tatu apunguze maneno aongeze mikono.

Unaandika "kiapo cha shemeji" kana kwamba kilianguka mbinguni. Wewe ulikuwa umelala, mimi nilikuwepo. Alipokufa mama mkwe wangu, Bi Mwatima, watu walisusa. Kisa Jecha yuko chama kile cha serikali. Maiti naye ana chama? Wabebaji walikuwa wachache hata wakawa wanapokezana mabega wale wale. Na Baba, Mundhir, Baba alikuwa hapa hapa Tumbe siku hiyo, yuko juu ya ngazi anaweka madirisha ya nyumba ya jirani. Jeneza likapita chini yake, naye akaendelea kupiga msumari. Jecha aliisikia ile nyundo mpaka makaburini. Aliporudi ndipo akaapa, mbele ya watu, na udongo bado uko mikononi.

Nina hasira nao wote wawili. Jecha si mtu mbaya, angekuwa mbaya ningeshafungasha nikaja. Nampenda, ndiyo maana nakaa. Na wewe nakupenda, ndiyo maana chakula hakinishuki. Ninachotaka kwa sasa ni kimoja tu, kukuona uso wako, na hicho ndicho nilichokatazwa.

KiTV hiki hapa, nimekifunga nailoni nyingi ndani ya pakacha la samaki changu. Ukikiunguza, nitamwambia Shangazi.

Dada yako,
Shatha


Wesha, 24 Novemba 2000

Dada Shatha,

Salamu nyingi, na za Ramadhani natanguliza. Hali yangu ni ya kushukuru. Uchaguzi umepita na salamu zimepita nao, Bi Tatu kaacha kununua chumvi dukani kwa Mjaka, maana si wa chama chetu, sasa anaifuata Chake Chake kwa miguu.

Lakini sikia: limewaka! Nimeliunguza mara mbili kabla, usimwambie Shangazi. Kulehemu umelala chali si mchezo. Unashika kibao juu ya uso, unayeyusha risasi, nayo inadondoka inapotaka, na inapotaka ni kifuani. Nilipiga kelele Baba akaja mbio. Aliangalia, akarudi na sinia la bati akaniwekea kifuani. Siku zote hizo nimefanya kazi chini ya sinia kama mkate unaosubiri moto.

Lile kopo la bati linalopeleka picha kwenye TV kwa njia ya antena nimeling'oa. Waya wa picha nimeuchukua kabla haujafika hapo, nikaupeleka moja kwa moja kwenye kioo chako. Kibao cha vitufe nimekikata kati: mishale ya kuendea mkono wa kushoto, vitufe vya kurukia mkono wa kulia. Moto unatoka kwenye betri ya pikipiki bovu la Mjaka, inakaa kwenye mkoba pembeni, nzito kama papai.

Sasa sanduku. Nilitaka kulitia kwenye kopo la tende. Baba akasema, "Toa ujinga." Kalichonga yeye, kwa mfenesi, kalipiga msasa mpaka linateleza kama sabuni. Nilipompa mishale aipachike, akaisogeza huku ndani, karibu mno, na upande huo kaukata mwembamba. Nikamwambia Baba, kidole changu hakikai hapo. Akaniambia, "Si chako." Akatoka.

Nilikaa sana nikifikiri kabla ya kufahamu. Dada, kalishike uone.

Nimeanza mchezo wa watu wawili, wa yule kijitu anayeruka mashimo. Mimi nimekufa, sasa ni zamu yako. Nimelisimamisha hapo hapo bila kulizima, maana ukilizima kila kitu kinapotea. Betri inafika Tumbe na inabaki. Cheza, ukifa lisimamishe, ulirudishe na Kificho.

Mdogo wako,
Mundhir


Tumbe, 16 Desemba 2000

Mundhir, kipenzi cha dada,

Saumu zetu zinakwenda, alhamdulillahi, ila kichwa kinaniuma kila alasiri. Wewe hulazimiki kufunga na hali hiyo, na usijifanye shujaa.

Nimelishika. Nilipoweka mkono wa kushoto, hiki kidole gumba changu kilichokatwa na msumeno wa Baba nikiwa mdogo, kimekaa juu ya mishale pale pale. Hakivuki, hakipungui. Mtu ambaye hataki kuniona hata njiani! Nimelia mpaka kijitu kikatumbukia shimoni kwa kukosa wa kukirusha.

Jecha alinikuta. Sikuwa na pa kulificha, betri ile nitaitia wapi? Akaniuliza, "Hiki n'nini?" Nikamwambia ni gemu la Mundhir. Akalichukua, kioo hata hakukitazama, alikuwa anapitisha kidole kwenye ubao. Anaijua kazi ya Baba, hata kitanda chetu ni yeye aliyekichonga. Akasema taratibu, "Nkono uliochonga hichi, ungelikuja siku ile ukabeba japo hatua moja, miye ningelikuwa na la kusema?" Akaniwekea mapajani akaenda msikitini.

Hakunikataza, Mundhir. Basi nalirudisha, zamu yako. Nimekupita, hilo ulijue.

Dada yako,
Shatha


Wesha, 12 Februari 2001

Dada Shatha,

Salamu. Nisamehe mwandiko, nina homa na kalamu inateleza. Kidonda kimeingia ndani, daktari anakuja kwa kujificha kwa sababu barabara si salama. Tangu watu walipopigwa risasi kwenye maandamano ya mwezi uliopita nyumba nyingi hapa hazina wanaume. Waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wamevuka, waliozikwa wamezikwa. Sisi wawili tupo kwa kuwa mmoja hatembei na mwengine hakutaka kumwacha.

Nilimpa Kificho gemu akuletee, zamu yako, likiwa linawaka. Kwenye kizuizi cha huko kwenu askari wamelikuta ndani ya pakacha: betri, nyaya, taa nyekundu inawaka chini ya samaki. Fikiria mwenyewe. Kificho wamemweka juani siku nzima, kisha wakamwachia, lakini kitu wamekizuia. Wanamtaka mwenyewe.

Nilifanya ujinga. Barua yako ya Ramadhani nilikuwa sijamsomea Baba. Jana homa imenipanda, nikamsomea, hasa yale maneno ya shemeji kuhusu mkono. Alinisikiliza kasimama. Asubuhi hii kavaa kanzu na kofia akaniambia anakwenda kufuata chombo chake. Kwa askari, Dada, siku hizi! Nimempigia kelele asiende. Magharibi imeingia na hajarudi. Namtuma Bi Tatu ampe Kificho barua hii. Ukisikia lolote, jema au baya, niandikie.

Mundhir


Tumbe, 19 Februari 2001

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia nikiwa nimesharudi kutoka kwako, ndiyo hali ya Kificho na usahaulifu wake. Homa imeshuka? Ule mkono niliougusa ulikuwa wa moto kama chungu. Usinidanganye.

Wewe uliona ya ndani. Nikupe ya nje.

Baba alifika kwa wale askari, wamelitandika gemu mezani na wote wamesimama mbali. Wakamuuliza hiki n'nini, akasema gemu. "Cheza." Baba yetu, na kofia yake, ambaye hajawahi kugusa kitufe maishani! Akatumbukia shimo la kwanza. Wakacheka mpaka mmoja akaomba ajaribu, na huyo akamaliza roho zangu zote. Baba anasema matusi yote aliyavumilia, ila hilo lilimkera.

Wakampa. Na kutoka pale kuja Tumbe ni karibu kuliko kurudi. Nilikuwa napepeta mchele nikasikia hodi. Jecha akatoka. Baba hakuingia, alisimama na gemu kwapani akasema, "Nimekuja kuhani, Jecha. Nimechelewa. Nilikuwa juu ya ngazi na jeneza nililiona."  Jecha akalipokea gemu kutoka kwapani mwake. Kisha akamshika mkono, "Karibu ndani, baba."

Alilala kwetu. Asubuhi Jecha mwenyewe akakodi gari la Kificho tukuletee Baba. Njiani tulisimama kwa shehe, Jecha akauliza vipi atakiondoa kiapo. Shehe akamwambia hakiondoki. Sharti limeshatamkwa, nikikanyaga nimeachika, na tatu hazina kurejeana. Jecha alirudi garini kakunja uso, haniangalii.

Basi tulipofika waliingia wao. Mume wangu kaingia nyumba ya baba yangu, mimi nimesimama nje, juu ya kreti la soda, chini ya dirisha lako. Nilisikia vikombe vya kahawa. Nilisikia Jecha anacheka, Mundhir, na Baba anacheka. Nilifurahi wallahi, kisha nikaghadhibika. Kaapa yeye, kasusa Baba, na aliyefungwa ni mimi. Wamesameheana wakamaliza. Mimi nani kaniomba radhi?

Tulivyokuwa tunapeana gemu kwenye nondo, zamu yako, zamu yangu, niliona vidole vyako tu. Dirisha liko juu na kitanda kiko chini. Nimefika hatua moja kutoka kwako na uso wako sikuuona. Mwambie Baba hivyo hivyo nilivyoandika, usipunguze.

Dada yako,
Shatha


Wesha, 15 Machi 2001

Dada yangu,

Salamu. Sina nguvu ya maneno mengi. Homa inakuja na kuondoka. Daktari hasemi siku hizi, anaangalia tu kisha anafunga mkoba wake.

Nilimsomea Baba yote, sikupunguza.  Siku ya pili akaja na nyundo na tindo. Kang'oa nondo zote, halafu akaanza kuushusha ukuta, tofali kwa tofali, kuanzia dirishani kwenda chini. Vumbi limenijaa mpaka puani. Bi Tatu anauliza kila mtu, huyu mzee kapatwa na nini. Kitanda kakipandisha juu ya magogo na kakisogeza mpaka hapo. Sasa nikigeuzwa ubavu, kwa mara ya kwanza tangu mkarafuu naona njia, na kuku, na watu wanaopita.

Kabakisha kimo cha tofali moja tu kutoka chini. Nikamwambia, Baba, umefika hapo, litoe na hilo upate mlango mzuri wa pili. Akaniambia, "Ukiwa mlango, hatoweza kuja. Dirisha halikanyagwi."

Kisha akalipiga msasa hilo tofali, kama alivyopiga gemu, na kaweka ubao juu yake wa kukalia, upande wa nje. Kaniambia nikuandikie kwamba anakuomba radhi, na kwamba angeandika mwenyewe lakini hajui aanzie wapi.

Gemu liko hapo juu ya ubao, linawaka. Zamu yako. Njoo upesi, Dada, betri haidumu.

Mdogo wako,
Mundhir