Stendi, Maiki na Sauti ya Baba

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mabwerebwere, Kilosa.

Kaubaridi tangu asubuhi. Milima ya magharibi haikuvua ukungu mpaka adhuhuri, na mimi sijavua sweta mpaka sasa. Shule zimefunga, kwa hiyo sina daftari la mtoto wa mtu mezani. Moyo umetulia. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu wiki nzima haukutulia.

Nianze na kilichonipeleka Mikumi.

Baba ana uvimbe kooni. Sauti ilianza kumkwaruza kama mtu mwenye mafua, tukampa tangawizi na asali, tukangoja. Mafua hayakuisha. Mwishowe daktari akatupa rufaa ya Dar, na huko tukaambiwa bila kuzungushwa: watautoa uvimbe, na huenda kisanduku cha sauti kikatoka nao. Atapumua, atakula, atatembea. Kuhusu kuzungumza, hakuna aliyetuahidi chochote.

Na baba yangu alikuwa mpiga mnada. Siku za mnada pale Ulaya, kijijini kwetu hapa hapa Kilosa, mbuzi, vitenge, baiskeli na masufuria viliuzwa kwa koo lake. Nikiwa darasa la nne nilikuwa namsikia nikiwa nimekaa darasani. Mwalimu wetu alikuwa anaweka chaki chini na kusema, "Mwanaidi, kamwambie baba yako apunguze, huku tunafanya hesabu."

Sina hata dakika moja ya sauti ile.

Za mama nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye simu: mama anacheka, mama ananifundisha mlenda, mama anaomba maji. Simu ikatumbukia kwenye ndoo, ikazima moja kwa moja, na nikawa kama niliyefiwa tena. Tangu hapo siiamini simu. Ndiyo maana mwalimu mwenzangu alipopata uhamisho akawa anauza vitu vya nyumbani, sikuulizia kabati wala feni. Nilichukua kamera yake ndogo ya video, ile ya kushika kiganjani, yenye kioo kinachofunguka ubavuni. Kazi yake ni moja tu. Haipokei ujumbe wala haipigiwi.

Mwanzoni mwa mwezi nilikwenda nayo Ulaya. Baba akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Mimi naitwa Salumu Mbaraka, mkulima, mkazi wa hapa," akasema, utadhani yuko mbele ya hakimu. Kisha akaniuliza kama imetosha.

Nilipokuja kuiangalia hapa nyumbani nilitamani kulia. Picha inayumba. Upepo umejaa tele. Kinachosikika vizuri kuliko vyote ni pumzi zangu mimi niliyeshika kamera. Baba yuko mbali, kama anayeongea kutoka ndani ya pipa.

Nikaandika orodha ya vinavyopungua: maiki, stendi ya kusimamishia kamera, taa, betri ya akiba, memori kadi, begi. Ijumaa nikapanda basi kwenda Mikumi kwa dada.

Dada Zuhura ndiye mkubwa wetu. Tumezaliwa wawili tu. Ana mgahawa kando ya barabara kuu, wateja wake ni madereva wa malori na watu wanaoshuka kutoka mashamba ya miwa ya Ruhembe. Kooni amemchukua baba mzima mzima. Akiita kwamba wali uko tayari, dereva aliyelala ndani ya lori anaamka. Tulipomaliza kuosha masufuria, akajifunga ushungi, akanisindikiza kwa fundi mmoja anayetengeneza redio na kuuza vifaa vya kamera.

Fundi ni mtu wa makamo, miwani yake imeungwa kwa uzi. Akaisoma orodha yangu, akaniuliza namrekodi nani, wapi, saa ngapi. Nikamwambia.

"Chukua taa," dada akadakia. "Baba aonekane anang'aa."

"Mzee anakaa nje, mchana," fundi akasema. "Jua analo tayari, dada yangu. Taa ya nini?"

Begi nalo akaliweka pembeni, akasema hata kanga inafunga kamera vizuri. Betri yangu akaipima, akasema inakaa na moto kiasi cha kutosha, ila nisirekodi huku nikiacha kioo wazi bila sababu. Zikabaki maiki na stendi. Pesa niliyokuwa nayo haikuweza kubeba zote mbili pamoja na memori kadi.

"Picha ikiyumba, watu watavumilia," fundi akasema. "Sauti ikiwa mbovu, watazima."

Akaleta maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Nilikuwa nimeshaipenda, akaninyang'anya mkononi. Akanionyesha kichwa cha waya. "Hii ina mistari mitatu, ni ya simu. Kwenye kamera yako itaingia, lakini unaweza ukarekodi kimya kitupu. Ya kamera ina miwili." Akatafuta ya mistari miwili, akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kamera ambacho mimi siku zote nilidhani ni pambo, akaichomeka, akanivalisha hedifoni. Nikasikia lori likipunguza mwendo barabarani, na karibu zaidi nikamsikia dada akihema.

"Na sponji hii usiivue," fundi akaongeza. "Ndiyo inayozuia upepo."

Hapo ndipo dada alipobadilika.

"Kwani unamrekodi ili iweje?"

"Tuwe na sauti yake, dada."

"Sauti yake anayo mwenyewe! Hajaenda hata hospitali, wewe umeshaanza kumkusanyia kumbukumbu. Mtu mzima unamfanyia arubaini angali anatembea?"

Akatoka. Fundi akainama chini ya meza akitafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Nililipia maiki na memori kadi. Stendi nikaiacha ukutani. Usiku ule mimi na dada tulilala kitanda kimoja, tukapeana migongo.

Na hapa, shajara, lazima nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Dada hakunionea. Siku tulipolisikia lile neno, uvimbe, kabla chozi halijanitoka, nilijikuta nawaza ni picha gani ya baba ambayo ni nzuri, na kama tunayo nakala yake. Nilikuwa nimeshafika mbali hivyo. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi, ananiuliza kama nina njaa.

Jana asubuhi niliondoka peke yangu kwenda Ulaya. Dada alikuwa amegeuza uso kwenye moto, hakuniaga vizuri.

Nilimkuta baba uani anabangua karanga za mbegu. Nikambania maiki kwenye kola ya shati, akaichungulia kwa chini kama mdudu aliyemtua. Kamera nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaiegemeza kwa tofali. Ikalala upande. Nikaweka vitabu. Ikawa inarekodi magoti yake. Nilipoishika kwa mkono, baba akaacha karanga, akakaa wima, akaanza tena: "Mimi naitwa Salumu Mbaraka..."

"Baba, endelea na kazi yako tu."

"Sasa nitaongeaje nawe huku umejificha nyuma ya hilo dude?"

Alikuwa na haki. Niliizima.

Saa nne na kitu pikipiki ikaingia uani. Dada Zuhura huyo, mkono mmoja una hotpoti, mwingine umekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kanga. Akamsalimia baba, akaweka hotpoti chini, akanisukumia ile kanga bila kuniangalia.

Stendi.

"Mikono yako inatetemeka tangu utotoni," akasema. "Utamfanya baba aonekane yuko juu ya trekta."

Dada yangu haombi radhi. Akikukosea, anakuletea kitu. Nilimshika bega, akaniambia niache kupoteza muda, jua linapanda.

Tulikunjua miguu mitatu, tukafunga kamera juu, ikasimama imara kama imeota pale. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: sikuwa na cha kushika. Nikavuta mkeka, nikakaa karibu na baba, nikachukua karanga, nikaanza kubangua. Dada naye akakaa. Kamera ikabaki kule yenyewe, na baada ya muda tukaisahau.

Baba akaongea. Kwa ile sauti iliyobaki, kavu, inayokatika katikati. Alisimulia mbuzi aliyevunja kamba mnadani akapitia kwenye meza ya karani. Alisimulia jinsi mama alivyokuja kununua sufuria, yeye akamtangazia bei ovyo makusudi ili asiondoke mapema. Dada akasema hiyo haiwezekani, mama alimwambia kwamba ni mama mwenyewe aliyekuwa anajifanya hasikii bei. Wakabishana. Halafu baba akaiona ile hotpoti, macho yakamng'aa, akainuka.

"Haya, haya, haya! Hotpoti ya Mikumi hii, haijapoa tangu itoke kiwandani! Nani anaanza? Nani anaanza?"

"Mimi!" dada akapaza.

"Mama, utapata hasara, hii ni yako mwenyewe!"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule, ule wa kunifikia darasani. Kisha kikohozi kikamkamata. Akakaa, akanywa maji, akangoja kifua kitulie. Nilipotaka kuinuka kwenda kuzima, akaninyooshea kiganja.

"Acha. Nina neno."

Nikarudi kukaa mkekani.

"Daktari anasema nikiamka nitakuwa naandika kwenye karatasi. Sawa, kuandika najua. Hilo haliniogopeshi." Alikuwa anaongea taratibu, anachagua maneno kama mtu anayehesabu pumzi. "Jirani yetu Kibwana alipopata kiharusi, maneno yalipotea. Masikio yalikuwa mazima. Lakini kila aliyeingia mle ndani alinong'ona. Watu walimsalimia mkewe, wakamuuliza mkewe hali yake, naye amelala pale pale anawasikia. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikaa karibu naye siku nzima nisimwambie kitu, eti nisimchoshe."

Dada akataka kusema, baba akamzuia.

"Nyinyi mnataka sauti yangu, nimewapa. Sasa na mimi nataka zenu. Kaeni hapa mbele, mniongeleshe. Nitakwenda nayo hospitali hiyo kamera, niwe nawasikiliza mkiwa hampo."

Akajibandua maiki mwenyewe. Vidole vyake, vyenye vumbi jekundu la maganda ya karanga, vikahangaika kidogo na kibanio, kisha akakibana kwenye ushungi wa dada. Akahama akakaa nyuma ya stendi, akainama kwenye kile kioo kama fundi aliyeizoea kazi.

Dada Zuhura, anayeamsha madereva, akakosa neno. Alitazama kamera, akatazama chini. Machozi yakaanza kumtiririka. Baba hakumbembeleza, alingoja tu.

"Baba," hatimaye akasema, "ile dawa ya chupa ya kahawia hujainywa. Nimeiona dirishani, imejaa vile vile."

Baba akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Na dada hapo akafunguka. Alimgombeza kuhusu dawa, kuhusu kulala bila soksi, kuhusu kumpa kuku chakula kilichokuwa chake, akaingia kwa wateja wake wanaokula na kuondoka na vijiko, akamsimulia mgahawa mzima meza kwa meza. Alipochoka akaichomoa maiki kwenye ushungi wake, akanibania mimi. Mimi ninayeongea darasani kutwa sikujua nianzie wapi. Nikaanzia na mwanafunzi wangu aliyeandika kwenye insha kwamba akiwa mkubwa anataka kuwa mstaafu. Nikaona mabega ya baba yakitikisika tena kule nyuma, na maneno yakaja.

Leo nimeshinda na hedifoni zangu za kuchomeka masikioni. Yote ipo. Upepo hausikiki. Karanga zinasikika zikipasuka. Mimi nimo ndani ya picha, nimekaa mkekani karibu na baba, jambo ambalo sikulipangia kabisa. Nimeitolea nakala kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu na nyingine nitampelekea dada, maana kosa la ndoo halirudiwi.

Kesho nitatafuta sokoni hedifoni kubwa za kufunika masikio. Za kuchomeka baba hazipendi, anasema zinamwasha, na bila hedifoni tutakuwa tunawagombeza wagonjwa wa wodi nzima kuhusu chupa ya kahawia. Na betri ya pili, hiyo dada ameshasema ni juu yake. Jumanne baba analala hapa kwangu. Jumatano tunapanda treni ya umeme kwenda Dar, hospitali, sote watatu.

Sijui itakavyokuwa. Dada bado haamini kwamba sauti itaondoka, na mimi sitaki tena kubishana naye, maana huenda yeye ndiye mwenye haki. Nimeacha kutafuta picha iliyo nzuri kuliko zote.

Nimejiwekea jambo moja tu. Siku watakayoturuhusu kumwona, nitaingia wodini na kusimama karibu na kitanda chake, na nitasema, "Shikamoo, baba," kwa sauti ya siku zote, hata wa kitanda cha tatu wageuke kutazama. Kisha nitangoja kidogo, muda ule ule ambao marahaba yake huchukua, ndipo nivute kiti nikae.