Dereva Amepatikana

Kamsamba, bonde la Momba
14 Desemba 2009

Mdogo wangu Mabula,

Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tangu niswage ng'ombe kutoka huko nyumbani nikahamia huku. Kifua chako kinaendeleaje? Na goti la Dada Kabula, limepata nafuu? Sisi tu wazima, ila mimi situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta fimbo nizunguke shamba. Hata barua hii nimeianza na kuiacha.

Umenikumbusha ahadi yangu, kwamba nitarudi siku trekta langu litakapopata dereva. Mwanangu Luhende aliliendesha msimu mmoja tu, akaenda Saza kuchimba dhahabu. Mguu wangu hauiwezi tena klachi. Amebaki binti yake, Milembe, ambaye mwaka huu ametimiza miaka kumi na mitano. Shemeji yako amekuwa upande wake tangu mwanzo. Aliniuliza mbona maksai nilimkabidhi akiwa mdogo zaidi, trekta lina nini ambacho maksai hawana. Nikampandisha kitini, mimi nikakaa juu ya madigadi.

Nilimpima kwa kipimo cha baba yetu, unakikumbuka: mtoto akiweza kugeuza maksai mwisho wa shamba bila kumwita mkubwa, amekomaa. Milembe aligeuza vizuri, na mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Nikaanza kuwaza juu ya basi la kutoka Tunduma la kunirudisha huko.

Jumamosi moja trekta likaanza kuteleza kuelekea korongoni. Milembe akaachia usukani, akainua mikono, akapiga ile sauti yetu ya kusimamisha maksai: "Hooo!" Trekta likaendelea kwenda. Niliangukia breki kwa mguu huu mbovu, tukasimama ukingoni kabisa. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kinamwanga, mwenyeji wa huku, alikuwa ng'ambo ya korongo na jembe lake. Akaniita taratibu: "Baba Luhende, ng'ombe wenu huyo hajui Kisukuma." Milembe alicheka, halafu akalia kweli.

Nikamshusha. Kwa siku kadhaa nilizunguka nikijiuliza kipimo cha baba kilipungukiwa nini. Mvua zikakaribia, majirani wakawa wanaulizia trekta, nami nikampandisha tena. Safari hii nilimfundisha kusimama kabla ya kwenda.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikamwambia aingie mbuga ya chini, ile ya udongo mweusi, tuwahi mpunga. Nilikuwa na haraka, Mabula. Nilitaka nimalize, nione kama kweli nitaondoka. Akaliendesha hadi ukingo wa mbuga, akazima, akashuka. Alichukua fimbo yangu, akaichoma ardhini, ikazama karibu nusu.

"Babu, hapa leo hapalimiki."

Nikamwambia nimelima mbuga kabla baba yake hajazaliwa.

"Ulilima na ng'ombe, babu. Pakiwa na tope walikuwa wanakugomea. Hili haligomi, kwa hiyo nagoma mimi." Akanipa ufunguo. "Ukitaka, panda wewe."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Shemeji yako, aliyekuwa ametuletea uji, aligeuka upande asinionyeshe anavyocheka. Nikamrudishia mtoto ufunguo wake. Kipimo kilichokuwa kimenipotea ndicho hicho: amekomaa anayeweza kunikatalia hata nikiwa nimekasirika.

Basi dereva amepatikana. Tangu siku ile natafuta sababu nyingine ya kuchelewa, na siioni. Nadhani ahadi ile niliitoa kwa sababu sikuamini kwamba siku yake itafika. Nimejaribu kuiona akilini njia ya kutoka kwako kwenda kisimani, na baada ya mti wa mkwaju sikumbuki kama njia inapinda kulia au kushoto. Huku najua kila shamba maji yanatuama wapi. Umri wangu wa kujifunza ardhi nyingine umepita.

Msalimie mkeo, aliyenifungia chakula cha njiani siku ile nilipoondoka. Msalimie mjomba Ndaki, fundi wa majembe, kama bado anasikia. Na Dada Kabula, anayenitunzia kiwanja karibu na kaburi la mama, mwambie asiendelee kukifyeka bure. Apande mihogo. Sitarudi.

Kaka yako,
Masanja