Hatua Sita za Bibi Mwajuma

Jumatano, Kilosa

Na jedwali lenyewe lilikuwa limependeza! Kila mstari wa ramani ya nyumba ninayomchorea Bibi Mwajuma una namba, kila namba ina urefu wake, na kompyuta ilijaza yote bila mimi kugusa kikokotoo.

Leo amekuja ofisini kutoka Munisagara, fimbo mkononi. Baada ya shikamoo nikamwonyesha mstari namba saba: kitandani hadi mlango wa barazani, mita nne na nusu.

"Ndizo zile hatua sita nilizokwambia, mjukuu wangu?"

"Ndizo, bibi."

Akaegemeza fimbo ukutani, akatembea. Hatua zake sita hazikufika hata mita tatu. Mimi nilikuwa nimezipima kwa miguu yangu! Bila fimbo, zikizidi sita goti linamgomea, ndiyo maana alitaka ziwe sita tu.

Nimejichukia. Fundi anachimba msingi Jumatatu.

Nimeufupisha mstari ule, jedwali likajirekebisha lenyewe. Tangu hapo nyumba inanijia kama ndoto: alfajiri, mlango wa barazani uko wazi, bibi amesimama kizingitini, na fimbo yake imebaki kitandani.